Askari Sitini wa Koti la Buluu

Mume wa fundi cherehani alikuwa hodari wa jambo moja tu hapa duniani, nalo ni kuanza. Kuanza alianza vizuri, huwezi kumnyima. Angeamka Jumapili na uso wa mtu aliyeletewa habari njema, akafagia meza, akapanga brashi zake kwa ukubwa, akachemsha birika zima la chai, na ikifika saa nne ameshaanza. Kumaliza ndiko alikokusikia kwa watu.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kusoma mita za maji. Alizunguka mtaa kwa mtaa akiinamia vifuniko vya chuma, akifuta vumbi kwa kidole gumba na kuandika namba. Namba zake hazikuwahi kukosewa. Ila macho yake yaliishia kwenye namba hizohizo. Mwaka mmoja aliingia kiwanja ambacho nyumba yake ilikuwa imebomolewa wiki nzima kabla, akaruka kifusi, akafunua kifuniko, akaandika, akaenda zake. Jioni mkewe alimwuliza kama ni kweli ile nyumba ya kona imevunjwa. Akasema hakuangalia.

Mapenzi yake yalikuwa kwingine. Yeye na wanaume wengine saba, watu wazima wenye ndevu na vidonge vya shinikizo la damu, walikuwa na chama cha vita vya mezani. Walikusanya askari wa plastiki warefu kama pingili moja ya kidole, wakawapaka rangi kwa brashi zenye nywele za kuhesabika, wakawajengea vilima, mito na magofu, kisha mara moja kwa mwezi wakawapanga mezani na kurusha dadu kuona nani kafa. Mwaka wa kwanza wa ndoa fundi alidhani anataniwa. Mwaka wa pili alijua hataniwi. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja, naye alikuwa amefungua ukurasa.

Ukurasa huo ulikuwa nyuma kabisa ya daftari lake la vipimo vya wateja. Aliuchora safu mbili kwa rula. Safu moja aliiandika Kuanza, ya pili Kumaliza. Safu ya Kuanza ilikuwa imejaa, ikaruka ukurasa, ikajaa tena, na sasa ilikuwa inasogea mbele kuvikuta viuno na mabega ya watu. Safu ya Kumaliza ilikuwa safi kama shuka la hospitali.

Mambo yaliyokuwa yameanzwa na kuachwa njiani wakati huo yalikuwa saba. Kulikuwa na majeshi mawili ya miguu, Jeshi la Mto na Jeshi la Mlima, askari thelathini kwa thelathini, ambayo chama kizima kilikuwa kinayasubiri. Kulikuwa na farasi kumi na wawili wasio na wapanda farasi, na joka la vichwa vitatu lililokuwa limepata viwili. Kulikuwa na magofu ya mji yaliyojengwa kwa maboksi ya nafaka ya asubuhi, na ukiyageuza kwa nyuma bado ungeweza kusoma jinsi ya kuandaa uji. Kulikuwa na msitu wa waya. Waya huo aliukata kwa mkasi wa kitambaa wa mkewe, na tangu siku hiyo hawakuzungumza hadi Alhamisi.

Na kulikuwa na kinamasi. Kinamasi hakikuanza kama kinamasi. Kilianza kama kilima, kilichochongwa wiki tatu kutoka kwenye lile povu jeupe linalofungia friji mpya, chenye njia ya mbuzi na mapango. Fundi mwenyewe alikiri moyoni kuwa kilipendeza. Kisha bwana akakipeleka uani, akatikisa kopo la rangi ya kupuliza, akapuliza. Rangi ya kopo na povu haviendani. Kilima kilitoa sauti kama ya mtu anayefyonza chai ya moto, kikaanza kunywea. Mapango yakafumba. Kilele kikashuka. Alisimama akikitazama mpaka kikawa kitu bapa chenye mashimo, kisha akarudi ndani amekipakata.

"Kimekuwa kinamasi," akasema.

"Kimekuwa, au umekifanya?"

"Nilikuwa nahitaji kinamasi."

Fundi alichukua daftari na kuandika chini ya Kuanza: Kinamasi.

Vyote hivi viliishi katika chumba cha nyuma. Hicho ndicho kilikuwa chumba bora cha nyumba ile, kwa sababu kilikuwa na dirisha pana lililotazama uchochoro usio na ghorofa, na mwanga uliingia tangu asubuhi mpaka jioni bila kukatwa na kitu. Fundi alishonea ukumbini, kwenye kona kati ya friji na ndoo ya mchele, chini ya balbu. Kwa miaka mingi kona ile ilimtosha. Lakini mwaka huu macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Kushona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi chini ya balbu ile kulikuwa kama kutafuta sindano kwa ulimi. Kutunga uzi kwenye tundu alikuwa anaita jirani. Na hoteli moja ilikuwa imempa kazi ya sare za wahudumu, suruali nyeusi tupu, na meneja alikuwa amemwambia waziwazi kuwa mshono ukipinda hatapewa kazi ya pili. Fundi ambaye mshono wake umeanza kupinda huwa hapewi barua. Wateja hupungua tu, mmojammoja.

Kwa hiyo Jumapili moja, wakati wa chakula cha mchana, akalitua jambo mezani. Alilitua siku ambayo wifi yake yupo. Wifi huyo, dada mkubwa wa mume, alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na masufuria. Ndiye aliyembatiza mdogo wake jina la Jenerali, na jina likamganda.

"Jenerali," fundi akasema, "juzi mteja amejaribu suruali amesimama pale kati ya friji na ndoo. Ameinama kuvuta zipu, mlango wa friji ukafunguka, akaondoka na baridi ya mgongo."

"Si ungemwambia asogee."

"Asogee aende wapi? Aingie ndani ya friji?"

Wifi aliweka kijiko chini ili acheke kwa raha.

"Nakitaka chumba cha nyuma," fundi akasema.

"Kile ni chumba cha kazi."

"Kazi ipi? Nitajie kitu kimoja kilichotoka mle kikiwa kimekwisha."

Jenerali alitafuna polepole. "Kuna kile kinamasi."

"Mume wangu, kile kilikuwa kilima. Mimi nilikuwepo."

"Mambo ya sanaa hayana haraka."

"Sijakwambia uwe na haraka. Miaka kumi na moja si haraka. Sikiliza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi chama chenu kinakutana. Nina mambo yako saba kwenye daftari. Maliza moja. Moja tu, kichwa mpaka unyayo. Ukimaliza, chumba ni chako na sitafungua mdomo tena. Usipomaliza, Jumapili yake cherehani yangu inakaa dirishani."

"Na nani ataamua kwamba kimekwisha?" Jenerali akauliza, maana hakuwa mjinga.

"Kwetu mafundi nguo imekwisha ikishatoka mlangoni na isirudi. Si ikishapendeza. Si ukishaichoka. Itoke, mwenyewe aipokee, na isirudi."

"Mimi shahidi," wifi akasema. "Na asidhani nitampendelea kwa kuwa nilimbeba mgongoni. Alikuwa mzito tangu zamani."

Jenerali alinyanyua kidevu. "Moja? Nitawamalizia yote saba."

"Haya basi," fundi akasema, akimwongezea mboga. "Nchi nzima imekusikia."

Kilichomtia shaka fundi wiki iliyofuata ni kwamba mume wake alianza kufikiri. Siku ya Jumatatu alirudi kazini, akavuta kigoda, akakaa akimtazama mkewe anavyoshona. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

"Hebu niambie," akasema. "Una nguo kumi na mbili hapo, za watu mbalimbali. Unazimalizaje zote?"

"Kwa kushona."

"Hapana, kweli. Mimi nikiwa na vitu saba nashika hiki, nafungua rangi nyekundu, nikimaliza naiosha brashi, nashika kile, nafungua nyekundu ileile tena. Siku inaisha nafungua vifuniko."

Fundi alicheka kwa pua. Lakini aliulizwa kuhusu kazi yake, na hakuna fundi anayeulizwa kuhusu kazi yake akanyamaza. "Sisi hatushoni nguo, tunashona uzi. Nikishaweka uzi mweusi kwenye cherehani, nashona kila cheusi kilichomo humu ndani, kiwe cha yeyote. Kisha naweka mweupe. Nikibadilisha uzi kwa kila nguo nitazeeka kabla ya..."

Jenerali alikuwa ameshasimama. "Rangi, si vitu! Ninapaka rangi, sipaki vitu!"

"Subiri, kuna karatasi..."

Hakusubiri. Mlango wa chumba cha nyuma uligonga. Sehemu ya pili ya somo ilibaki hewani palepale ukumbini, nayo ndiyo ilikuwa muhimu. Kabla fundi hajashona uzi wowote, kila kipande cha kitambaa hubanwa karatasi kwa pini, imeandikwa ni cha nani na kinataka nini. Bila karatasi hiyo, suruali ya mwalimu hupata mifuko ya muuza nyama. Fundi aliangalia mlango uliofungwa, akaangalia karatasi zake zilizobanwa, akainua mabega. Mtu akikimbia na nusu ya maneno, hiyo nusu ndiyo aliyoitaka.

Kuanzia siku hiyo Jenerali alikuwa mtu wa rangi. Aliwagandisha askari wote juu ya vifuniko vya chupa za soda ili apate pa kushikia, akawapanga kwenye ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali. Mto na Mlima, farasi, joka, wote wakakaa ubao mmoja kama abiria wanaongoja gari. Akirudi kazini, alivua viatu, akatangaza rangi ya siku hiyo kama mtangazaji wa redio.

"Leo nyeupe!"

"Hongera," fundi alijibu bila kugeuka.

"Leo hudhurungi! Mikanda, viatu, kwato, mapaa, vyote!"

"Na mimi leo ni nyeusi. Kama jana. Kama kesho."

Siku ya buluu alipiga mluzi kuanzia alasiri mpaka taa za mtaani zilipowaka. Alitoka na kidole cha buluu, akanywa chai, na fundi akaona kwa macho yake akichovya brashi kwenye kikombe cha chai badala ya mkebe wa maji, akaikung'uta, kisha akanywa. Hakusema kitu. Kuna vitu mtu mzima anapaswa kuvionja mwenyewe.

Siku ya nyekundu ilikuwa fupi. "Nyekundu ilikuwa chache ajabu," Jenerali alisema, akijisugua mikono. "Ulimi wa joka, bendera, matofali ya magofu. Nilidhani ni nyingi zaidi. Mpango huu ni wa ajabu, Fundi, unapunguza hata kazi."

Kama angekuwa mtu wa kujiuliza, angejiuliza hapo. Lakini alikuwa msoma mita. Alikuwa ameangalia kila mahali palipotakiwa rangi, na kila mahali palikuwa na rangi. Hakuwa amemshika askari mmoja akamtazama mzima tangu Jumatatu ile.

Ijumaa aliwapaka vanishi, akawahesabu mara mbili, akawalaza ndani ya maboksi mawili ya viatu juu ya mabaki ya pamba. Pamba hiyo fundi aliitambua mara moja, ilikuwa ya mabega ya koti la mteja. Kila boksi askari thelathini. Moja aliliandika MTO, lingine MLIMA, kwa herufi kubwa na mstari chini. Farasi walikuwa bado hawana wapanda farasi. Joka lilikuwa na vichwa viwili na ulimi mmoja. Msitu ulikuwa bado waya. Lakini hayo hayakumsumbua.

"Moja ulisema," alimwambia mkewe. "Majeshi mawili nimeyamaliza. Kesho yanatoka mlangoni."

Fundi alitazama maboksi yale, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja alihisi kitu kama woga. Usiku ule alilala akiona kona ya friji.

Chama kilikutana katika chumba cha kungojea cha daktari wa meno, mwenyekiti wao, kliniki ikiwa imefungwa kwa wagonjwa. Viti vilisukumwa ukutani. Katikati kulikuwa na meza kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kijani, chini ya picha ya jino lililokatwa katikati kuonyesha mizizi. Mto wa plastiki ulipita mezani, na juu yake daraja. Fundi na wifi yake walikaa kwenye viti vya wagonjwa, mikoba mapajani, kama watu walioletwa kung'olewa.

"Shemeji, karibuni sana," daktari wa meno akasema. "Leo ni siku kubwa. Tumeyangoja majeshi haya mwaka na nusu."

"Sisi pia," fundi akasema.

Jenerali alifungua boksi la Mto. Alimtoa askari mmoja baada ya mwingine, akawapanga safu tatu za kumi kumi upande wa kushoto wa daraja. Wanaume walisogea. Mmoja alipiga mluzi wa chini. Na kwa kweli, hata fundi aliyekuwa mbali aliona kuwa kazi ni nzuri. Makoti ya buluu, mikanda myeupe, vifungo vya kupita kifuani, kila kimoja tone moja la dhahabu.

Kisha akafungua boksi la Mlima, akaanza kupanga upande wa kulia. Safu ya kwanza. Safu ya pili. Makoti ya buluu, mikanda myeupe, vifungo vya dhahabu.

Mwalimu wa hisabati, mtu mnene aliyekuwa mlangoni mwa utani muda wote akingoja kufunguliwa, aliinama, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Jenerali," akasema, "adui yuko wapi?"

Jenerali alisimama na askari wa hamsini na nne mkononi. Aliangalia meza. Fundi alimwona akiwatazama wote kwa pamoja, wazima wazima, kwa mara ya kwanza, na aliuona uso wake unashuka kama kile kilima uani.

"Wa Mlima walitakiwa..." akaanza.

"Wekundu," daktari wa meno akasema polepole. "Walitakiwa wekundu."

"Amani imepatikana!" mwalimu akapaza sauti. "Wamekutana darajani, wakagundua ni ndugu!"

Hapo wakafunguka wote. Mmoja aliuliza kama watarushiana dadu au salamu. Mwingine akasema atapiga yeyote aliye karibu, maana hatakosea. Mwalimu alitoa leso kujifuta machozi. "Kwani ulipaka umefumba macho, Jenerali? Hebu niambie, ulipaka umefumba?"

Daktari wa meno hakucheka, lakini alikuwa mtu wa kanuni. "Kanuni yetu mnaijua. Mtu aliyesimama mezani lazima amjue adui bila kuinama. Hawa hawapigani leo. Warudishe wote sitini nyumbani, ukawapake thelathini upya. Tutakutana mwezi ujao."

Warudishe nyumbani. Wifi alimfinya fundi ubavuni kwa furaha isiyo na aibu. "Chumba hicho, wifi," akanong'ona. "Dirisha hilo."

Na kweli, kilikuwa chake. Ilimtosha kunyamaza. Cherehani aliiona tayari chini ya dirisha, aliona suruali nyeusi zimelala kwenye mwanga, kila uzi unaonekana.

Lakini mwalimu hakunyamaza. Aliendelea kucheka, na leso aliyojifutia ilikuwa na pindo lililofumuka nusu nzima, na fundi akajikuta anaitazama leso ile. Miaka kumi na moja alikuwa amemcheka mume wake. Alimcheka asubuhi, akamcheka jioni, akaandika. Haki hiyo ilikuwa yake, aliifanyia kazi. Huyu wa leso, ambaye mwaka jana alileta jeshi lisilopakwa miguu akadai wamesimama kwenye ukungu, alikuwa ameipata wapi? Na jambo lingine lilimuuma zaidi, la kifundi tu. Makoti yale sitini yalikuwa safi. Hakuna kola iliyovuka mpaka wala kifungo kilichomwagika. Kurudisha kazi kama ile kwa kasoro inayoweza kurekebishwa mteja akiwa amesimama palepale ni uvivu.

Jenerali alikuwa ameanza kuwakusanya.

"Wacha hapo," fundi akasema.

Alisimama, akafungua mkoba, akatoa kikebe chake cha safari. Ndani kulikuwa na sindano, mkasi mdogo, uzi mwekundu na kichupa cha gundi. "Shemeji Daktari, nipe kile kikoleo chako chembamba. Kile cha kutolea pamba kinywani. Kilichooshwa."

Daktari wa meno alikileta bila kuuliza. Fundi alivuta kiti mpaka dirishani, akavaa miwani, akamchukua askari wa kwanza wa Mlima. Alipitisha uzi mwekundu juu ya bega la kulia, akaushusha chini ya kwapa la kushoto, akauzungusha mara mbili, akafunga fundo mgongoni na kulikata karibu kabisa. Tone la gundi. Akamsimamisha mezani. Askari wa buluu alikuwa na mshipi mwekundu unaokata kifua, na ungeweza kuuona ukiwa mlangoni.

Wa kwanza alichukua dakika mbili. Wa kumi, nusu dakika. Kicheko kilififia, kisha wanaume wakaanza kusogea wakiwa wameweka mikono mgongoni, kama watu wanaotazama injini ya gari la mwenzao. Jenerali alisimama pembeni yake akimpokeza askari mmojammoja, kifuniko kwa kifuniko.

"Wamependeza kuliko kama wangekuwa wekundu," mmoja akasema.

"Shemeji," mwalimu akasema kwa sauti laini, "unaweza kunitengenezea na mimi? Nina ishirini tu."

"Wa kwako waote miguu kwanza," fundi akasema, bila kuinua macho. "Na hiyo leso uishone pindo, inatia aibu."

Wifi alicheka mpaka picha ya jino ikatikisika ukutani.

Vita vilipiganwa. Mlima walishindwa vibaya, waliangukia mtoni karibu wote, lakini walianguka wamevaa vizuri. Alasiri ilipoisha, daktari wa meno aliyafunga majeshi yote mawili kwenye kabati la vioo la kliniki yake, akapeana mkono na Jenerali, akapeana na fundi mara mbili.

Walirudi kwa miguu, watatu, na Jenerali alibeba maboksi mawili ya viatu yakiwa matupu. Kwa mbali ungedhani amebeba kombe. Walipopita duka la kona alikohoa.

"Wametoka mlangoni," akasema.

Mkewe aliendelea kutembea.

"Na hawakurudi. Si hawakurudi? Mwenyewe amewapokea, amewafungia kabatini. Hayo ni maneno yako, Fundi, mimi sikuongeza hata moja."

Wifi alisimama katikati ya njia. "Wewe! Huna haya? Nani alifunga fundo la mwisho?"

"Mimi nilipaka makoti sitini."

"Yalitakiwa thelathini," fundi akasema. "Thelathini mengine uliwapa Mlima zawadi."

"Nyie mnahesabu vibaya," Jenerali akasema, lakini hapo alikuwa amejikanyaga mwenyewe, kwa sababu hesabu ndiyo kitu kimoja ambacho hakuweza kukidanganya. Alitembea hatua kadhaa midomo ikicheza. Walimwona anajumlisha. Askari thelathini waliokwenda mezani kama alivyowapaka. Askari thelathini ambao wangerudi, na kuwarudisha wenzao pamoja nao. Walipofika getini aliweka maboksi chini.

"Saa tisa kasorobo walikuwa wanarudi nyumbani," akasema. "Nilikuwa nimeshashika kifuniko cha boksi."

"Nilikuona."

"Basi aliyemaliza ni wewe."

Ilimgharimu kusema hivyo, na fundi alijua. Hakumwambia pole. Alimwachia ashikilie geti.

Jumapili walihamisha. Ilichukua asubuhi nzima, maana kila kitu kilichoinuliwa kilikuwa na kitu kingine kilichogandishwa chini yake. Magofu yalipelekwa juu ya kabati, msitu chini ya kitanda. Kinamasi fundi alitaka kukitupa, Jenerali akakikumbatia, ikabidi kiwekwe juu ya friji, ambapo wageni wangekidhania mkate uliooza. Jenerali alipewa kona ya ukumbini, kati ya friji na ndoo ya mchele, chini ya balbu. Alipewa trei moja.

"Moja," fundi alimwambia, akiishika trei kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto kwa yaya asiyemwamini. "Kilichomo kikiisha, ndipo kinaingia kingine. Na kila kitu kina karatasi yake, na pini. Ulikimbia kabla sijafika kwenye karatasi."

"Ungeniita."

"Nilikuita. Ulikuwa unapiga kelele za rangi."

Alasiri alikaa dirishani peke yake. Mwanga ulikuwa umelala juu ya meza ya cherehani mpaka ukingoni. Alichukua uzi mweusi, akalamba ncha, akainua sindano dhidi ya anga. Uzi ukaingia mara ya kwanza, bila jirani. Alishona mguu mzima wa suruali, akaugeuza, akautazama. Mshono ulikuwa umenyooka.

Ndipo akafungua daftari nyuma. Kwenye safu ya Kumaliza, mbele ya majeshi mawili, aliandika tarehe. Ilionekana ya ajabu mahali pale, peke yake. Alifikiri kidogo, akaongeza neno moja pembeni kwa herufi ndogo: Amesaidiwa.

"Fundi!" sauti ikaita kutoka kona ya friji. "Lile boksi lililokuja na taa yako mpya ya usiku, unalihitaji?"

"La nini?"

Ukumbini kukawa kimya. Fundi aliufahamu ukimya ule vizuri. Kisha akasikia kisu kikipita kwenye boksi, polepole, kwa uangalifu mkubwa.

Hakuuliza tena. Alishuka mstari mmoja chini ya safu ya Kuanza, akaandika: Boksi. Safu ya pili aliiacha kama ilivyokuwa, akarudi kwenye suruali.